DAWA ZA USINGIZI: CHETI CHA DAKTARI SI URASIMU

Ipo hatari moja inayowanyemelea wananchi wetu kimya kimya, na kwa kuwa haipigi kelele, viongozi wetu wengi hawajaipa uzito unaostahili. Hatari hiyo ni matumizi ya dawa za kutuliza na za usingizi pasipo cheti cha daktari na, baya zaidi, pamoja na vitu vingine ambavyo havipatani nazo mwilini. Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kirefu, kwa faida ya wananchi wa bara na wa visiwani, na kwa faida ya maofisa wa Serikali ambao wamekabidhiwa dhamana ya afya yetu.

Tunapolizungumza, macho yetu yanaielekea kata ya Nyamisangura, wilayani Tarime. Hatuitaji Nyamisangura kwa sababu wakazi wake wamewazidi wengine kwa kosa. Tunaitaja kwa sababu mji wa Tarime ni mahali pa kupita watu wa kila aina. Kaskazini upo mpaka wa Sirari, na ng'ambo yake ni Kenya. Upande mwingine ipo Nyamongo, yenye machimbo ya dhahabu na watu wanaofanya kazi usiku na mchana. Magharibi lipo Ziwa Victoria na visiwa vyake. Mchuuzi, mchimbaji na mvuvi hukutana katika mji kama huo, na kidonge kinachonunuliwa leo katika duka la mjini kinaweza kumezwa kesho Ukerewe au Ukara, mbali na macho ya mganga yeyote.

Kwa miaka mingi Serikali imepambana na kilimo cha bangi wilayani Tarime, na mashamba ya bonde la Mto Mara yamefyekwa na kuchomwa moto mara kwa mara. Tunaunga mkono juhudi hizo. Lakini shamba la bangi huonekana hata kwa aliye mbali, ilhali kidonge cha miligramu 5 hukaa mfukoni pamoja na sarafu. Mwenye kukimeza hajifikirii kuwa mhalifu, na wala jirani zake hawamfikirii hivyo. Wote wanaona kwamba anatumia dawa tu, na neno "dawa" huwatoa watu wasiwasi.

Kwanza yatupasa tuseme wazi kwamba dawa hizi si uovu. Fenobabitoni ilianza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912, na imewaokoa watu wasiohesabika. Hapa kwetu Tanzania tunao ushahidi wa Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu waliokuwa wakitengwa na jamaa zao kwa kuogopwa ugonjwa wao walipewa vidonge hivyo, wengi wakapata nafuu na kurudi katika maisha ya kawaida. Diazepamu nayo, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Valium, ilianza kuuzwa mwaka 1963. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na daktari huitumia kumtuliza mtoto mwenye degedege, kulegeza misuli ya mgonjwa wa pepopunda, na kumsaidia mlevi anayeacha pombe asipate kifafa. Kuzilaani dawa hizi kwa jumla kungekuwa ni kuwadhulumu wagonjwa.

Ubaya basi unatoka wapi? Jibu liko katika namna zinavyofanya kazi. Ubongo wa binadamu una kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kama ya breki katika gari: huzuia mishipa ya fahamu isiende mbio kupita kiasi. Dawa za kutuliza huiongezea breki hiyo nguvu. Hofu hupungua, misuli hulegea na usingizi huja. Lakini breki hiyo haichagui mahali pa kukamata. Huikamata hofu, ikaikamata pia kumbukumbu, ikaikamata miguu, na ikizidi huikamata pumzi yenyewe.

Ndiyo maana mtumiaji huweza kupata kizunguzungu, kuyumba, kusahau aliyoyatenda muda mfupi uliopita, na kuchelewa kuamua jambo. Mzee huanguka usiku akienda haja na kuvunjika nyonga. Mtoto au mzee huweza hata kugeukiwa na dawa, badala ya kutulia akawa na ghasia na hasira. Mama mjamzito anayeitumia karibu na kujifungua huweza kuzaa mtoto aliyelegea, asiyeweza kunyonya vizuri, na ambaye pumzi zake ni hafifu. Mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu, au ambaye ini lake limeharibika kwa pombe au kwa homa ya ini, yumo katika hatari zaidi, kwa kuwa ini ndilo linaloivunjavunja dawa hiyo ili itoke mwilini.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni muda. Watu hudhani kwamba usingizi ukiisha dawa nayo imekwisha. Sivyo. Diazepamu huchukua kati ya saa 20 na 50 hivi kabla nusu yake haijatoka katika damu, na ndani ya mwili huzaa kemikali nyingine yenye nguvu ya kutuliza, ambayo nusu yake huweza kukaa hadi saa 100. Anayemeza kidonge kila siku humeza kipya juu ya mabaki ya jana na ya juzi.

Hebu tumtazame mvuvi wa dagaa. Yeye huvua usiku wa giza kwa taa, na usingizi wake ni wa mchana, juani, katikati ya kelele za mwalo. Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu wa kazi hiyo atatamani kidonge cha kumlaza. Lakini kidonge alichomeza saa sita mchana bado kimo katika damu yake saa sita usiku, akiwa amesimama katika mtumbwi, mikono imeshika kamba na mawimbi yanapanda. Hahitaji kulala usingizi ili afe maji. Inatosha achelewe kidogo tu kujishika. Dereva wa pikipiki, mchimbaji aliye shimoni na mwendesha mashine wote wamo katika mfano huo.

Hata hivyo madhara hayo yote ni madogo yakilinganishwa na yale yanayotokea dawa inapokutana na mwenzake. Hapa ndipo penye kiini cha maoni yetu. Diazepamu peke yake, kwa mtu mzima mwenye afya, ni nadra kuua hata ikizidi kipimo. Kinachoua ni ushirika.

Mshirika wa kwanza ni pombe. Iwe bia, gongo au chang'aa, pombe nayo hukanyaga breki ile ile. Viwili vikikutana nguvu zake hushikana, na anayelala huweza asiamke. Mwezi Aprili mwaka 1975 huko Marekani msichana wa miaka 21, Karen Ann Quinlan, alizimia baada ya kunywa pombe akiwa ametumia pia dawa za kutuliza. Pumzi zilikatika kwa muda, ubongo ukaharibika, na hakurudi tena katika fahamu zake hadi alipofariki mwaka 1985. Kesi ya wazazi wake ilijulikana dunia nzima kwa sababu ya mashine ya kupumulia, lakini somo la chupa na kidonge lilisahaulika upesi. Msichana yule alikuwa na hospitali karibu naye. Mtu anayezimia usiku kisiwani, wakati ziwa limechafuka na hakuna chombo cha kumvusha, atakuwa na nini?

Mshirika wa pili ni dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama vile tramadoli, kodini na mofini, pamoja na heroini inayouzwa kwa siri. Hizi nazo hudhoofisha pumzi. Mwaka 2016 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru makampuni yaweke onyo kali kabisa juu ya dawa za jamii hizo mbili, kwamba zikitumiwa pamoja zinaweza kuleta usingizi mzito, kukata pumzi na kuua. Onyo hilo linawahusu sana ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Nchini mwetu tiba ya methadoni kwa walioathirika na heroini ilianzishwa Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata katika Hospitali ya Kidongo Chekundu mwaka 2015. Tiba hiyo imewarudisha vijana wengi majumbani kwao. Lakini methadoni ni ya jamii hiyo hiyo ya afyuni, na kijana anayeinywa asubuhi kliniki kisha akameza vidonge vya Valium mtaani jioni anaigeuza tiba yake kuwa sumu.

Mshirika wa tatu hana sura ya kutisha hata kidogo. Ni piritoni na dawa nyingine za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ambazo kila mtu hununua bila kufikiri. Nazo huongeza uzito wa dawa ya kutuliza.

Wako pia washirika ambao hawaleti usingizi, ila huingilia kazi ya ini. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo, flukonazoli ya fangasi, na isoniazidi ya kifua kikuu huzuia ini lisiivunje diazepamu upesi, nayo ikazidi katika damu. Hata maji ya balungi huweza kuzidisha baadhi ya dawa za jamii hiyo. Rifampisini, ambayo nayo ni ya kifua kikuu, hufanya kinyume: hulisukuma ini liiteketeze diazepamu kwa haraka. Mgonjwa huiona dawa yake haina nguvu, akaongeza vidonge. Siku matibabu ya kifua kikuu yanapomalizika, ini hurudi polepole katika mwendo wake wa kawaida, na vidonge vile vile alivyovizoea vinakuwa vingi kuliko mwili unavyoweza kuvimudu.

Fenobabitoni ina tabia hiyo hiyo ya kulisukuma ini, na hapa wakazi wa kanda ya ziwa wanapaswa kusikiliza kwa makini. Inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, hata mama akapata mimba asiyoitarajia. Inapunguza nguvu ya dolutegraviri, ambayo imo katika kidonge kinachotumiwa na wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini, na kwa hiyo virusi vinaweza kupata nafasi ya kuinuka tena. Inapunguza pia nguvu ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, ugonjwa unaowasumbua sana watu wa Ukerewe, Ukara na pwani zote za ziwa hili. Mgonjwa wa kifafa asisome maneno haya akaitupa dawa yake. Anachopaswa kufanya ni kumweleza mganga kila kitu anachotumia, ili mganga apime na kurekebisha.

Tunatilia mkazo maneno hayo kwa sababu kuacha ghafla nako ni hatari. Mwili uliozoea breki ya kuongezewa husahau kutumia ya kwake. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na ndivyo uraibu wa dawa hizi unavyoanza: kidonge kimoja kwa ajili ya msiba, kingine kwa ajili ya deni, kisha kimoja kila usiku bila sababu. Akikikosa, mtumiaji hutetemeka, hutoka jasho, hukosa usingizi kuliko mwanzo, na huweza kushikwa na kifafa hata kama hakuwahi kuwa nacho. Kwa kutambua hayo, kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilishauri mwaka 1988 kwamba dawa za jamii ya diazepamu zitumike kwa wiki mbili hadi nne tu kwa wenye wasiwasi au ukosefu wa usingizi. Kuziacha kunatakiwa kuwe kwa hatua, kipimo kikipunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Sasa tuje kwenye cheti cha daktari. Wananchi wengi hukiona cheti hicho kuwa ni urasimu, karatasi ya kuwasumbua watu na kuwapangisha foleni. Tunasema kwamba hiyo ni dhana potofu. Kazi kubwa ya cheti si kumruhusu mtu anunue, kazi yake ni kumlazimisha mtu mmoja mwenye elimu aulize swali moja kabla ya dawa kutoka: "Unatumia nini kingine?" Swali hilo ndilo linaloikuta pombe, tramadoli, methadoni, mimba, ini bovu na kazi ya mtumbwini. Duka linalouza bila cheti limeifuta nafasi hiyo ya kuuliza, na hata muuzaji mwema asiyetaka kumdhuru mtu hawezi kuijaza kwa kubahatisha.

Lakini tutakuwa hatutendi haki tukimlaumu mwananchi peke yake. Mtu wa kisiwani anayetaka cheti hicho hulipa nauli ya chombo, hupoteza siku ya kazi, na pengine akifika anaambiwa dawa hakuna. Ndipo anapokwenda dukani. Sheria isiyosindikizwa na huduma huwafundisha watu kuikwepa.

Na sheria tunazo. Dawa za jamii ya diazepamu zimo chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mwaka 1984, kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Hapa nchini ipo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo imekwisha kuonya hadharani kuhusu dawa tiba zenye asili ya kulevya zinazochepushwa na kuuzwa mitaani. Ipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, lipo Baraza la Famasi, na kwa upande wa Zanzibar upo Wakala wa Chakula na Dawa. Upo pia mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa nia njema ya kuwapa wauzaji wa vijijini mafunzo na kuwapangia dawa wanazoruhusiwa kuuza. Kinachotakiwa ni kuvihuisha vyombo hivi mahali vinapokutana na mnunuzi, yaani mezani pa duka.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wakuu wanaohusika. Kwanza, ukaguzi wa maduka ya dawa katika miji ya mpakani na katika mialo ufanywe mara kwa mara na bila taarifa, na vitabu vya dawa zinazodhibitiwa vilinganishwe na akiba iliyomo kabatini. Nchini Kenya wahalifu wamezifanya dawa za jamii hii kuwa silaha: Nairobi huzitia katika vinywaji vya watu ili kuwaibia, jambo linaloitwa "mchele", na vijana wa Mombasa wana jina lao la "bugizi" kwa moja ya dawa hizo. Mpaka wa Sirari uko karibu mno kwetu kudhani kwamba ni mambo ya wengine.

Pili, zahanati na vituo vya afya vya visiwani visikose dawa za kifafa hata kwa wiki moja. Mgonjwa anayekatiwa dawa kwa sababu bohari haikuleta amewekwa katika hatari ile ile ya kuacha ghafla tuliyoieleza hapo juu, na safari hii kosa si lake.

Tatu, maelezo ya dawa hizi yaandikwe kwa Kiswahili chepesi. Karatasi ndogo iliyomo ndani ya boksi mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, na vidonge vinavyohesabiwa katika bahasha haviambatani hata na karatasi hiyo. Si kazi kubwa kugonga muhuri juu ya bahasha: "Usinywe pombe. Usiendeshe chombo. Usiache ghafla."

Nne, aliyekwisha kuzoea vidonge hivi atazamwe kama mgonjwa, afunguliwe mlango wa hospitali kabla ya mlango wa kituo cha polisi. Ukali wa sheria umwelekee anayefanya biashara ya dawa hizi kwa siri.

Kwa wananchi wenzetu neno letu ni fupi. Usimpe jirani kidonge chako, hata kwa huruma. Usinunue dawa ya usingizi kama unavyonunua kiberiti. Ukimkuta mtu amelala usingizi usioamshika na pumzi zake ni za mbali mbali, usimwache ukidhani ulevi utamtoka. Mlaze ubavu, umkimbize hospitali, na uchukue pakiti uliyoikuta kando yake. Na ukiwa mbele ya mganga, usimfiche pombe unayokunywa wala dawa nyingine unazotumia, ziwe za hospitali au za miti shamba. Mficha uchi hazai.

Sisi tunaamini kwamba jambo hili linaweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Halihitaji mashine wala majengo mapya. Linahitaji mkaguzi anayefika mwaloni, bohari inayotimiza ratiba yake, na muuzaji anayekataa fedha za mnunuzi asiye na cheti. Tungependa kuona utaratibu huo ukianza katika maduka ya Tarime na katika zahanati za visiwani kabla ya mwaka huu kwisha.